Waya Mmoja, Chipu Mbili

"Sabini na nane," wifi yangu alisoma nyuzi za joto kutoka kwenye skrini. "Sabini na tisa. Bado sabini na tisa."

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mkono mmoja umezama ndani ya mashine mpaka kiwiko, vidole viwili vimeshika waya unaoingia kwenye kadi ya picha. Feni zilinguruma kama cherehani inayokanyagwa kwa hasira. Hewa iliyotoka nyuma ilikuwa ya moto, na hiyo niliitarajia. Nilikuwa natafuta joto lingine, la mahali pasipostahili joto.

"Themanini. Themanini na..."

Kitu kililia tak ndani ya boksi. Feni zikanyamaza, skrini ikawa nyeusi, na katika ukimya ule nikaisikia redio ya baba mkwe barazani, mtangazaji akipiga kelele za mpira.

"Umegusa nini?" wifi aliuliza.

"Sijagusa. Nimeshika tu."

"Haya, na kushika sasa si kugusa. Kila siku najifunza kwako."

"Imejizima yenyewe, wifi. Kama jana."

Alijitupa kwenye kiti mpaka kikalia. "Hii kadi mimi nimeikosea nini? Nimeipa chumba. Nimeinunulia feni mpya, mwenyewe nalala na joto."

Wifi ni dada wa mume wangu, na ni mwalimu wa watoto viziwi. Kwa miaka mingi aliwafundisha kwa michoro iliyobandikwa ukutani: mkono umeinuliwa, na mshale pembeni kuonyesha mkono unaelekea wapi. Watoto walielewa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mbele yao akifanya ishara. Walioachwa nje ni mama zao. Mtoto anarudi nyumbani na lugha nzima mikononi, na mama anamtazama tu, hajui anaombwa maji au anaambiwa kuna mahali panauma. Mshale wa kwenye karatasi haumsaidii. Basi wifi akajifunza mwenyewe kutengeneza mikono ndani ya kompyuta, mikono unayoweza kuizungusha na kuitazama kila upande, haraka au taratibu. Kisha akawaahidi wale kina mama kwamba siku ya kufungua shule kila mmoja ataondoka na masomo ya kwanza kwenye simu yake. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki inayofuata.

Kuigeuza mikono ile kuwa video yeye alikuita kupika. Picha moja baada ya nyingine, mashine inapika mwanga, inapika kivuli, inapika kila mkunjo wa ngozi kwenye vifundo vya vidole. Kwa kompyuta yake ya zamani angepika mpaka shule ifungwe tena. Ndipo akaipata kadi hii kutoka kwa watu wa matangazo waliokuwa wanafunga ofisi yao. Ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nzito kama tofali, na badala ya chipu moja ilikuwa na mbili, zimelala pamoja kwenye ubao mmoja. Moja inapika nusu ya picha, nyingine nusu. Ukiipa kazi chipu moja peke yake, kadi inatulia kama mgeni sebuleni. Zikiingia kazini zote mbili, hazichukui muda, mashine nzima inajizima kana kwamba mtu amechomoa plagi ukutani.

Fundi wa vifaa vya umeme katika nyumba yetu ni mimi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa, kwa kuwa kilichokufa hakikulaumu ukikosea. Tangu wakati ule nina tabia moja inayomchosha wifi: nabadilisha kitu kimoja, kisha nangoja nione. Nilikuwa nimepuliza vumbi. Nilikuwa nimeifungua kadi na kuzipaka chipu zote mbili pesti mpya ya kupitisha joto. Nilikuwa nimehamia soketi nyingine ya ukutani. Pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, ilikuwa mpya na kubwa, yenye uwezo wa kuilisha kadi na kubakiwa na akiba. Kila mara niliwasha, nikangoja, ikazimika.

"Wewe Polepole," wifi alisema. Jina hilo alinipa wiki yangu ya kwanza katika familia ile, na limeniganda. "Siku nyumba ikiungua utauliza kwanza moto umeanzia chumba gani."

"Nitauliza. Ndiyo nijue pa kumwaga maji."

"Na sisi tumeshakuwa mkaa. Asante sana."

Jana yake nilikuwa nimejaribu jambo ambalo nililiamini. Kwenye kompyuta kuna mahali pa kuiambia kadi isile umeme kupita kiasi fulani. Nilikishusha kikomo kile kwa theluthi nzima, nikakaa nikiwa na hakika, na mashine ikazimika vilevile. Nililala nikilifikiria jambo hilo. Asubuhi nilitazama tena na kuona nilichokosa kuona: kompyuta huzihesabu zile chipu mbili kama kadi mbili tofauti. Nilikuwa nimeshusha kikomo cha ile ya kwanza tu. Mwenzake aliendelea kula kwa mikono yote miwili, na mimi nikimsifu kwa adabu.

Nilipozishusha zote mbili mambo yakawa nafuu. Tulipika somo la salamu likaisha. Tukapika la maji na chakula, likaisha. Wifi alishaanza kuimba. Kisha tukaingia kwenye somo la mikono minne, ambamo mtoto anasema na mama anajibu. Hapo kila picha inapoanza, chipu zote mbili huruka kwa pamoja, kama watu wawili wanaoinuka ghafla kutoka kwenye benchi moja. Tak.

Kwa hiyo haikuwa joto la chipu, na haukuwa uchache wa umeme. Umeme ulikuwepo wa kutosha, ila ulichelewa kufika pale zinaporuka. Ndiyo maana nilikuwa sakafuni, nimeshika waya.

"Enhe, na waya?" wifi aliuliza, maana aliniona sijautoa mkono.

"Unachemka. Hapa karibu na kadi unachemka."

Aliinama karibu yangu. Tuliutazama pamoja, na sote wawili tuliona ni kazi ya nani.

Baba mkwe alikuwa fundi umeme wa majumba maisha yake yote ya kazi. Vidole vyake vilipoanza kutetemeka aliacha kupanda ngazi, lakini hakuacha kuuchukia waya unaoning'inia. Kwake yeye waya wa namna hiyo ni kama shati lililotoka nje ya suruali mbele ya wageni. Tulipoiunganisha mashine ya wifi aliomba tumwachie nyaya. Alishinda nazo mchana kutwa. Alizikusanya zote, akazizungushia utepe mweusi wa kitambaa, mzunguko ukilalia mzunguko, na alipomaliza hukuona nyaya tena. Uliona shina moja jeusi linalopanda kutoka chini na kutoa tawi pale tu tawi linapohitajika. Nilipiga picha. Kila mteja aliyekuja nilimwonyesha.

Sasa, kwa vidole tu, nilijua ndani ya lile shina kuna nini. Kadi ina matundu mawili ya kupokea umeme. Pawasaplai huja na nyaya za kutosha kulilisha kila tundu peke yake. Lakini waya mmoja kati ya hizo una vichwa viwili mwishoni, na mtu aliyetumia maisha yake kuunga taa mbili kwenye laini moja, akiona vichwa viwili na matundu mawili, atafanya nini? Atauchukua huo mmoja. Nyaya zilizobaki atazikunja vizuri na kuzificha nyuma, zisichafue kazi. Fundi mvivu angeziacha zote nje zikining'inia, na huenda kwa uvivu wake angepatia. Sisi tulifikishwa pale na unadhifu.

"Leta mkasi," wifi alisema.

"Hapana."

"Wifi, ni utepe. Si kitovu cha mtoto."

"Baba yupo hapo nje anasikiliza mpira. Tunaanzaje kuikata kazi yake?"

"Basi tungoje alale mchana."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Mimi nina kina mama wananingoja, Polepole! Kuna mmoja kila akiniona sokoni ananionyesha simu, eti amefuta picha zake zote kupata nafasi. Nikamwambie nini? Samahani, tulikuwa tunamwonea aibu mzee?"

Alikuwa na haki. Lakini kuna mambo ya mzee yule nisiyoweza kuyapita kwa mkasi. Nilipoingia katika nyumba ile kama mke, watu walinipa sufuria na mashuka, nami nilishukuru. Yeye alinipa mita yake ya kupimia umeme, ile aliyoibeba mfukoni tangu ujana, akaniambia: kabla hujapima usichokijua, pima kwanza unachokijua, uone kama mita yenyewe ni nzima. Hakuuliza mwanamke ataifanyia nini. Baadaye aliona natengeneza redio za majirani juu ya kitanda, akahamisha kochi lake mwenyewe kutoka chumba cha mbele na kuniambia niweke meza. Tangu siku hiyo anakaa barazani, na anasema barazani kuna hewa.

"Nipe nafasi ya kumwambia," nilimwambia wifi. "Na wewe, tafadhali, nyamaza kidogo tu."

"Nitajaribu. Siahidi."

Nilitoka nikasimama pembeni ya kiti chake mpaka aliponitazama.

"Baba, samahani. Kuna kitu naomba ukishike."

"Nikishike au nikitazame?"

"Ukishike, Baba."

Alipunguza sauti ya redio bila kuizima. "Haya. Hawa nao leo hawafungi, wanakimbiakimbia tu."

Ndani, niliiwasha mashine na kuirudisha kwenye lile somo la mikono minne, kisha nikamwonyesha pa kuweka mkono: hapa, karibu na kadi. Alishika. Bila kuambiwa akanyoosha mkono wa pili mpaka upande wa pili wa shina, linapotokea kwenye pawasaplai. Alikaa hivyo kichwa ameinamisha, kama daktari. Wifi alikuwa amebana midomo kama mtu aliyeshika pini za kushonea.

"Huku vuguvugu," baba mkwe alisema. "Huku..." Akauondoa mkono. "Zima."

Nilizima kabla haijajizima.

"Inakula kiasi gani hii kadi?"

"Zikifanya kazi zote mbili, karibu nusu ya umeme wa pasi, Baba. Lakini umeme wenyewe ni wa volti kumi na mbili."

Alifumba macho akipiga hesabu. Nilimwona akilifikia jibu.

"Volti ndogo, basi mkondo mkubwa," alisema taratibu. "Huo ni mkondo wa jiko. Na mimi nimeupitisha kwenye waya wa taa."

"Una vichwa viwili, Baba. Mtu yeyote angeona..."

"Mwanangu, usinifunike blanketi. Sina homa."

Hapo wifi akashindwa. "Na ulivyoupamba sasa! Baba, umeufunga kama bibi harusi!"

"Nyamaza wewe. Bibi harusi kapendeza, hata wewe umemsifu. Mzigo ndio mkubwa." Akaanza kucheka, kicheko chake kile kisicho na sauti, mabega tu yakiruka.

Niliuliza kama angependa nimsaidie kuufungua. Alisema taa nimshikie, utepe ataufungua mwenyewe, na mtu asilete mkasi kwa sababu utepe mzuri hurudishika. Akaketi sakafuni. Vidole vyake vilitetemeka kama kawaida, lakini kuzungusha utepe kinyumenyume ni kazi isiyodai mkono mtulivu, inadai subira tu. Wifi alitembea mpaka dirishani akarudi. Alitembea tena. Mwishowe akakaa chini na yeye, akaushika ule utepe uliofunguka na kuukunja kwenye mviringo wa karatasi, ili usijisokote.

Waya ulipobaki uchi tuliona. Kichwa kimoja, kile kilichokuwa mbele, plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na ulipokisogeza puani kilinuka kama kitana kilichoangukia jiko. Nilimulika tundu la kwenye kadi kwa muda mrefu. Lilikuwa na doa la moshi, lakini pini zake zilikuwa zimesimama sawa, zinang'aa nilipozifuta. Nilishukuru kimoyomoyo, kadi, tundu, pini, kila kitu. Zaidi niliishukuru pawasaplai. Wakati wote tuliokuwa tunaitukana kwa kujizima, ilikuwa inakataa kutuunguzia nyumba.

"Umetuvumilia huu," baba mkwe alisema, akiugeuza ule waya mkononi. Kisha, bila kunitazama: "Ungeweza kukata, ukanunua utepe mwingine ukafunga. Nisingejua."

"Ungejua, Baba."

Alifikiri. "Ningejua," alikubali. "Asante kwa kunishikisha kwanza, kabla ya kuniambia."

Nilianza kutafuta bisibisi, mpaka wifi akaninong'oneza kwamba nimeishika.

Ule waya wa vichwa viwili tuliuweka kando kabisa. Kutoka nyuma ya bati la mashine nilizitoa nyaya alizozificha, mbili, kila mmoja na njia yake kwenye pawasaplai, na kila mmoja nikaupeleka kwenye tundu lake. Nilipima zote kwa mita. Kabla ya hapo nilipima betri ya redio, ambayo niliijua. Baba mkwe aliona nikifanya hivyo akageuka kutazama mlango.

"Sasa pandisha kile kikomo," wifi alisema. "Zipate kula vizuri."

"La. Tumebadilisha nyaya. Kikomo tutakipandisha baadaye, kidogo kidogo, na zote mbili."

"Nilijua. Nilijua kabla sijafungua mdomo, na bado nikaufungua."

Nikawasha. Feni zikaanza. Baba mkwe alishika waya mmoja, mimi nikashika mwingine, na wifi akakaa kwenye skrini huku kitambaa chake cha kichwa amekivuta mpaka kwenye nyusi. Picha ya kwanza ya mikono minne ikapikika. Ya pili. Kila chipu zilipoinuka pamoja nilihisi waya ukistuka kidogo kwa ndani, au labda ni mimi niliyestuka. Picha zikaendelea kutoka. Waya ulikuwa na joto la mkono wa mtu, si zaidi.

"Imepita pale," nilisema. "Pale ilipokuwa ina..."

"Usiseme!" wifi alinikatiza, ameziba uso. "Usiisifu, itasikia!"

Hatukuisifu. Tulikaa vilevile, watatu, kama watu wanaomngoja mtoto apitiwe na usingizi, na nje mpira ukaisha bila yeyote kati yetu kujua nani kashinda. Baada ya muda wifi aliondoa mikono usoni. Alitazama kasi ya picha, akatazama orodha ya masomo yaliyobaki pembeni ya skrini, midomo ikicheza.

"Kwa mwendo huu namaliza," alisema kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Kabla ya kufungua. Hata nikilala." Kisha akanigeukia. "Wewe Polepole." Alinivuta sikio, kama anavyowavuta wanafunzi wake anaowapenda, akarudi kwenye skrini.

Jua lilipoanza kuteremka nilisema tuzime. Jioni, majirani wote wanapowasha taa na majiko kwa pamoja, umeme wa mtaa wetu hulegea, na sikutaka kuujaribu uungwana wa kadi ile siku moja na njaa ya mtaa mzima. Wifi alilalamika, lakini alihifadhi kazi yake na kuniacha nizime.

Mashine ilibaki wazi ubavuni, nyaya zote mbili zimetoka nje, zinaning'inia. Baba mkwe alikuwa ameshika utepe wake, akiutazama mkorogo ule kwa uchungu wa kweli.

"Nianze kuzifunga?"

"Naomba kesho, Baba. Nataka nizishike tena zikiwa uchi, tukipandisha kikomo."

"Zilale hivi?"

"Usiku mmoja tu."

"Nitafunga mlango, asipite mtu akaona." Lakini hakuondoka. Alikuwa akiitazama simu ya wifi, ambamo wifi alikuwa amehamishia vipande vilivyokwisha pikwa na sasa anavirudiarudia. Mikono midogo ilikuwa ikizunguka kwenye kioo, ikagusa tumbo, ikajikunja, ikafunguka.

"Huyu mdogo anasemaje?"

"Anamwambia mama yake tumbo linauma tangu asubuhi."

"Na mama anajibu nini?"

"Mama bado, Baba," wifi alisema. "Jibu lake tunalipika kesho."